Kupamba Chombo: Deheni Kwanza, Macho Baadaye

Ndugu msomaji, Jumapili asubuhi ndiyo siku ya vyombo kuogeshwa. Ukipita Temeke au Tandale jijini Dar es Salaam, Ngamiani jijini Tanga, au Mwanjelwa jijini Mbeya, utawakuta wenye vyombo wameinama na ndoo, sabuni na matambara. Wala hawaishii kuosha. Chombo huvishwa pia. Tenki la pikipiki huvishwa kava la reksini lenye rangi za Simba au za Yanga. Bajaji hushonewa mapazia ya turubai yenye pindo za kumeremeta. Gari dogo lililobeba tairi la akiba katika mlango wa nyuma huvalishwa kava la duara lenye picha ya Mlima Kilimanjaro, au jina la mtoto wa kwanza wa mwenye gari. Basi la abiria huandikwa maneno mgongoni kwa herufi zilizonakshiwa, na ile mipira ya madigadi inayoning'inia nyuma ya magurudumu yake huwa ubao wa kutangazia yaliyomo moyoni mwa dereva.

Juu ya jambo hili walimwengu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema huo ni ubadhirifu na utoto. Kwamba chombo ni cha kubebea watu na mizigo, wala si bibi harusi. Kundi la pili hujibu kwamba binadamu hakuumbwa kuishi kwa ugali peke yake, na kwamba mtu anayekesha barabarani ana haki ya kukipenda kifaa chake cha kazi na kukitofautisha na vya wenzake. Safu hii haikusudii kulipa ushindi kundi lolote. Inakusudia kuuliza swali ambalo makundi yote mawili hulisahau: vazi hilo linakinga nini?

Swali hili si dogo. Katika nyumba nyingi za mijini chombo cha usafiri si anasa, bali ndicho shamba la familia. Ndicho kinacholipa kodi ya chumba, sare na madaftari ya watoto, na dawa ya bibi. Siku kikilala, sufuria nayo hulala kifudifudi. Kwa hiyo mazungumzo juu ya nguo za chombo ni mazungumzo juu ya riziki, na wakati mwingine ni mazungumzo juu ya uhai.

WALIOTUTANGULIA BAHARINI

Watu wa pwani yetu walianza kuvipamba vyombo vyao kabla gari la kwanza halijakanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Mtepe, kile chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, ulichorwa macho katika omo yake. Hata majahazi ya Lamu yalipachikwa macho ya mbao yaliyochongwa kwa mfano wa mwezi na nyota. Mtu aliyekitazama chombo kikiingia bandarini alikiona kikimtazama pia.

Lakini tukumbuke utaratibu uliotangulia macho hayo. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua. Maji yalipokupwa, mafundi walikwangua ukoko wa baharini uliogandamana tumboni mwake, wakawasha makuti chini yake ili moto uwaue wadudu watoboao mbao. Nyufa zilizibwa kwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Sehemu inayozama majini ilipakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama uliozuia maji na wadudu. Mbao zilizo juu ya maji zilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya papa. Baada ya hayo yote ndipo rangi na macho yalipopata nafasi yake.

Lugha yetu ina hekima ya ajabu, maana neno hilo hilo moja, sifa, ni mafuta ya kuukinga ubao na pia ni maneno ya kumpamba mtu. Nahodha aliyetafuta sifa za watu akasahau sifa ya papa alijikuta akiteka maji katikati ya bahari, huku macho ya chombo chake yakiangalia mbele kwa uzuri wote. Wahenga walikwisha kusema kwamba uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Deheni kwanza, macho baadaye. Huo ndio msingi wa makala hii, na sasa tuulete nchi kavu.

KUTOKA BAHARINI HADI BARABARANI

Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria jijini Dar es Salaam ili kulisaidia shirika la UDA lililokuwa limezidiwa. Hapo ndipo jina la daladala liliposhamiri. Maneno yaliyoandikwa katika magari hayo hayakutoka mbali. Yalitoka mahali pale pale yalipotoka majina ya kanga: mafumbo, dua, kejeli kwa jirani, na shukrani kwa mama mzazi. Mwanamke wa pwani huchagua kanga kwa jina lake kabla hajatazama rangi. Na dereva naye huandika nyuma ya gari lile ambalo hawezi kulisema usoni kwa mtu. Kwa hiyo anayedai kwamba uandishi huu ni ugeni uliotujia hivi karibuni, hajamtazama vizuri mama yake akienda sokoni.

Nchini Kenya mambo yalikwenda mbali zaidi. Matatu za Nairobi zilijaa picha za wanamuziki na wanamichezo, pamoja na taa na vipaza sauti. Kisha zikaja kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 chini ya Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, John Michuki, zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Ziliagiza kila gari la abiria liwe na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi kilometa 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro mingi ilifutwa wakati huo. Miaka ilipopita ilirudi, tena kwa ufundi mkubwa kuliko wa awali, na leo iko matatu ambayo mtu husimama kando ya njia kuitazama kama anayetazama maonyesho.

Watu walibishana sana juu ya michoro ile, na bado wanabishana. Lakini anayepima mambo kwa utulivu ataona kwamba roho ya abiria haikutegemea picha, ilitegemea mkanda na kidhibiti mwendo. Hivyo viwili ndivyo deheni. Michoro ndiyo macho. Gari lenye vyote viwili halina kosa. Gari lenye macho matupu ndilo la kuogopwa.

Baada ya kusema hayo, natutazame mavazi ya vyombo moja baada ya jingine.

NGUO YA TENKI

Kava la tenki la pikipiki lina kazi njema. Hupunguza mikwaruzo ya funguo, ya zipu ya koti na ya mizigo inayopakatwa mbele. Hulizuia jua lisichujue rangi. Shida yake huanza siku ya mvua. Maji hupenya katika mishono na pembeni mwa kifuniko cha mafuta, yakaingia kati ya reksini na bati. Juu ya reksini hukauka baada ya nusu saa, mwenye chombo akadhani mambo yamekwisha. Chini yake unyevu hubaki siku nzima, na kesho mvua nyingine huukuta.

Kutu si uchawi. Ni chuma kilichokutana na maji na hewa kwa muda wa kutosha. Ukiongeza chumvi, kama ile inayoletwa na upepo wa bahari katika miji yetu ya pwani, kazi hiyo huenda mbio zaidi. Ukiongeza tena mchanga mwembamba unaojipenyeza chini ya kava, kila mtikisiko wa barabara huusugua mchanga huo juu ya rangi kama msasa. Rangi ya kiwandani, pamoja na tabaka zake zote, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Haihitaji kusuguliwa miaka mingi ili bati libaki uchi.

Hebu tumfikirie kijana anayeendesha pikipiki kwa mkataba. Kila siku au kila wiki hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, naye hujinyima, akitazamia siku ile ambayo kipindi cha mkataba kitatimia na kadi ya pikipiki kuandikwa jina lake. Kwa kukipenda chombo, amekivika kava zuri tangu siku ya kwanza wala hakulivua. Siku ya kukabidhiwa inafika. Nyumbani mama amepika pilau, wadogo zake wanashangilia. Kijana anavua kava ili aoshe chombo chake mwenyewe, anakuta bati la tenki limetoboka kama chekecheo. Je, jasho lake lote limemnunulia nini?

Dawa yake haihitaji fedha. Kava lifungwe kwa kamba au vifungo, lisigandishwe kwa gundi. Livuliwe kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa. Tenki lipanguswe kwa kitambaa kikavu, nalo kava lianikwe kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje. Penye mkwaruzo uliofika kwenye bati, pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla kava halijarudishwa.

NGUO YA TAIRI LA AKIBA

Magari mengi madogo yaliyoletwa nchini kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, kama Toyota RAV4 za mwanzo zilizoanza kutengenezwa mwaka 1994, hubeba tairi la akiba nje, katika mlango wa nyuma. Kulivisha tairi hilo ni jambo la busara. Mionzi ya jua na hewa huukausha mpira, ukapasuka vijistari vidogo vidogo kama kisigino kisichopakwa mafuta. Kava huchelewesha uharibifu huo.

Lakini huuchelewesha tu, hauondoi. Tena tairi lililofunikwa husahaulika. Miaka hupita, na mwenye gari huamini kwamba anayo akiba, kumbe amebeba maiti iliyovishwa nguo nzuri. Siku tairi jingine likipasuka usiku, katikati ya Chalinze na Segera, na watoto wamelala kiti cha nyuma, ndipo kava linapofunuliwa na siri kujulikana.

Iko njia rahisi ya kuujua umri wa tairi, na kila mtu wa nyumbani anaweza kujifunza. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT zinazofuatwa na alama kadhaa, na mwishoni kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huu wa tarakimu nne umetumika tangu mwaka 2000. Kama huzioni upande mmoja, ligeuze tairi utazame upande wa pili, maana aghalabu tarehe kamili huandikwa upande mmoja tu. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata kama halijawahi kugusa barabara. Na wapo wanaoshauri lisizidi miaka 6. Mpe kazi hiyo mtoto aliye darasa la tano. Atafurahi kusoma tarakimu hizo, na familia itafahamu kama akiba yake ni akiba kweli.

NGOZI YA PLASTIKI

Limeenea pia vazi jingine linalofunika gari zima. Ni karatasi ya plastiki laini, ambayo mafundi huiita vinili, inayopashwa moto kidogo na kubandikwa juu ya rangi ya gari hadi ikashika kila kona kama ngozi. Wengine huitumia kubadili rangi nzima, wengine kuweka mistari, maua au jina la biashara.

Teknolojia hii ina mfano mzuri kutoka Ujerumani. Huko, tangu mwaka 1971, sheria iliyoanzia Ujerumani Magharibi iliagiza teksi ziwe na rangi moja inayofanana na pembe ya ndovu iliyofifia. Rangi hiyo iliwasaidia abiria kuzitambua, lakini iliwatesa wenye teksi walipotaka kuyauza magari yao, kwa sababu wanunuzi wa kawaida hawakuitaka. Karatasi za kubandika zilipopatikana, wenye teksi walinunua magari yenye rangi ya kawaida, wakayavika ile rangi ya sheria wakati wa kazi. Na siku ya kuuza waliyavua, rangi ya asili ikatokea ikiwa imehifadhika. Hapo vazi lilifanya kazi mbili: lilitimiza sheria na likalinda thamani ya mali.

Lakini sharti la mafanikio yale ni kwamba rangi iliyokuwa chini ilikuwa nzima. Ukiibandika karatasi juu ya bati lililoanza kuota kutu, kutu haitakoma kwa kuwa imefichwa, itaendelea gizani. Ukiibandika juu ya rangi iliyopakwa ovyo gereji, siku ya kuibandua itaondoka na rangi yenyewe. Tena jua letu ni kali. Karatasi nzuri ambayo katika nchi za baridi hudumu miaka mitano hadi saba, huku kwetu huchoka mapema zaidi, hasa juu ya boneti na paa zinakopiga jua la mchana moja kwa moja. Ikishachoka hukakamaa na kukatika vipande vipande, na kuibandua huwa kazi ya kucha na machozi.

Jambo la mwisho juu ya vazi hili ni kadi ya gari. Kadi hutaja rangi. Anayelibadili gari lake kutoka jeupe kuwa jekundu, hata kwa karatasi tu, afike kwanza TRA aulize utaratibu wa kurekebisha kumbukumbu. Siku gari likiibwa na polisi wakatangaziwa kutafuta gari jeupe, nani atalitambua?

KINGA INAYOUMIZA WENGINE

Yapo mavazi yanayomkinga mwenye chombo na kumdhuru jirani. Kubwa kati ya hayo ni vile vyuma vizito vinavyofungwa mbele ya gari. Asili yake ni safari za porini, ambako gari laweza kugongana na mnyama, kama wafanyavyo watu wa Australia kujihami na kangaruu. Lakini Kariakoo hakuna kangaruu. Kuna akina mama wenye mabeseni ya ndizi vichwani, wasukuma mikokoteni, na wanafunzi wanaovuka wakikimbilia basi. Mtu akigongwa na boneti ya kawaida, bati hubonyea na kupunguza kishindo. Akigongwa na chuma kigumu, mfupa wake ndio unaobonyea. Kwa sababu hiyo mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kwamba vyuma vya namna hiyo visiuzwe mpaka vimepimwa na kuthibitishwa kwamba havizidishi madhara kwa waenda kwa miguu.

Katika kundi hili tuweke pia vitambaa na stika zinazofunika kioo cha nyuma mpaka dereva asione chombo kinachomfuata. Makava meusi yanayowekwa juu ya taa mpaka breki ikikanyagwa mwanga wake usionekane. Na nakshi zinazoziba namba za usajili. Taa si pambo la kuvishwa nguo. Ni ulimi wa chombo, na aliyefungwa ulimi hawezi kumwonya mwenzake. Hata kava la tairi la akiba lisizidi kipimo likafunika taa ya breki iliyo juu yake.

Mipira ya madigadi nayo ina maadili yake. Haikuwekwa kwa ajili ya maneno. Iliwekwa ili tope na kokoto zinazorushwa na gurudumu zisimrukie mwendesha baiskeli aliye nyuma. Basi anayekata mpira huo uwe mfupi ili uonekane wa kisasa, au anayeuacha uchanike hadi ibaki herufi moja ya methali yake, amemwibia ngao mtu asiyemfahamu.

PAMBO LA NAFUU KULIKO YOTE

Kama kuna pambo ambalo safu hii ingependa kuliona katika kila chombo, ni ile stika ya kuakisi mwanga. Ndani yake kuna vijipunje vya kioo au vipembe vidogo mno vinavyoupokea mwanga wa taa na kuurudisha kule kule ulikotoka. Dereva akikumulika usiku, mwanga wake mwenyewe humrudia na kumwambia kwamba mbele yako yupo mtu.

Wafikirie wauza mkaa wanaoingia mjini kabla ya alfajiri, baiskeli zikiwa zimefunikwa na magunia mpaka mwendeshaji haonekani. Fikiria mkokoteni wa matunda usio na taa. Kwa vyombo hivyo, kipande cha stika nyekundu nyuma na nyeupe mbele ni deheni na macho kwa pamoja. Kinapendeza na kinaokoa. Tena anayependa nakshi anaweza kuikata kwa umbo la nyota, la mwezi au la herufi za jina lake, mradi eneo lake lisipungue na matope yapanguswe kila jioni.

MKASI NA CHEREHANI

Kwa kuwa gazeti hili husomwa na familia, yafaa tuseme pia kwamba makava mengi tuliyoyataja yanaweza kushonwa nyumbani, na kikundi cha akina mama au vijana wenye cherehani kikajipatia kipato. Hapa tunatoa mfano wa kava la tairi la akiba.

Chukua tairi la kipimo 225/70 R16, ambalo kimo chake ni sentimeta 72 na upana wake ni sentimeta 22 na nusu. Kata duara la turubai au reksini lenye upana wa sentimeta 75. Sentimeta moja na nusu pande zote ni ya mshono. Mzingo wa tairi ni sentimeta 226, kwa hiyo kata ukanda wenye urefu wa sentimeta 229 na upana wa sentimeta 32. Unganisha ncha za ukanda kwanza, kisha uushone kuzunguka duara, mishono miwili sambamba. Upande uliobaki ukunje na kupitisha mpira wa kuvutia, ili kava lijikaze nyuma ya tairi. Tumia uzi wa nailoni, kwa sababu uzi wa pamba huoza mapema juani na mvuani.

Usisahau jambo ambalo mafundi wengi hulisahau: toboa matundu mawili au matatu sehemu ya chini na kuyatia pete za shaba, ili maji yatoke na hewa ipite. Kava lisilo na tundu ni ndoo. Na anayetaka jina la kanga aipendayo, aliandike kwa rangi ya mafuta juu ya turubai; kitambaa chenyewe cha pamba huchujuka na kuchakaa upesi kikikaa juani.

Mwambie mteja wako pia kwamba kava hilo hulivua kila mwisho wa mwezi. Mshonaji anayesema hivyo huaminika, na mteja anayeaminishwa hurudi na jirani yake.

HESABU YA NYUMBANI

Hatimaye turudi mezani, mahali ambapo mume, mke na watoto wakubwa hukaa na kugawa kidogo kilichopatikana. Inapoletwa hoja ya kukinunulia chombo pambo, yafaa yaulizwe maswali matatu, tena yajibiwe kwa sauti.

La kwanza: linamkinga nani? Kama linakinga chombo, na haliumizi mpita njia, linaweza kuzungumzwa. La pili: linafunika nini? Kama chini yake pana kutu, ufa au tairi lililozeeka, fedha iende kwanza kwa lile linalofunikwa. La tatu: fedha yake imetoka katika fungu gani? Fedha ya breki, ya matairi, ya bima na ya kofia ngumu ya abiria si fedha ya pambo, hata kama mwezi huu vyote hivyo vinaonekana vizima. Breki haina rangi wala hakuna anayeisifia kijiweni, lakini ndiyo inayomrudisha baba nyumbani.

Pambo likivuka maswali hayo matatu, basi linunuliwe kwa moyo mweupe na asiwepo wa kulinung'unikia. Mtu anayefanya kazi saa kumi na mbili juu ya usukani ana haki ya kutazama kitu kizuri. Watoto wanaoitambua bajaji ya mama yao kutoka mwisho wa mtaa kwa pindo zake za manjano wanapata furaha ambayo haina bei. Tena chombo kinachopendwa hutunzwa, na kinachotunzwa hudumu.

Basi, ndugu msomaji, leo kabla jua halijazama, kivue chombo chako kila nguo kilichovaa. Inua kava la tenki, fungua kava la tairi, sukuma kidole chini ya kila stika iliyoinuka. Panga nguo hizo juu ya kamba, na ukitazame chombo kikiwa uchi, kama nahodha alivyolitazama jahazi lake lililopandishwa pwani. Palipokwaruzika paka rangi ya kuzuia kutu, palipochoka badilisha. Ukimaliza, kivishe tena, na ukivishe vizuri. Kesho Jumatatu kina kazi.